Maswali na majibu: Lenzi ya Safari Rally kwa mfuko mdogo

Nina Canon 2000D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nimeona 75-300 ya bei nafuu sana. Itanifaa Naivasha?

Iache. EF 75-300mm III haina kitulizi cha mtikisiko, na mota yake ya fokasi ni ya polepole. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Fokasi ikichelewa nusu sekunde, gari limeshasogea mita 14. Tafuta EF-S 55-250mm IS STM, hata ya mtumba: IS ni kitulizi cha mtikisiko, STM ni mota mpya ya fokasi. Soma herufi STM kwa macho yako, maana matoleo ya kabla yake yanafanana nayo lakini mota yake ni ya kizamani. Kwa sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya 2000D, milimita 250 zinavuta kama 400 kwenye kamera ya sensa kubwa. Kwa kona za rally zinatosha.

Nina Nikon D90. Kuna jamaa ananiuzia AF-P 70-300.

Usinunue. D90 haielewani na lenzi za AF-P: haitashika fokasi, hata ukizungusha ringi kwa mkono, kwa kuwa ringi hiyo nayo inategemea umeme wa kamera. D7000 ni hivyo hivyo. Chukua AF-S 70-300mm f/4.5-5.6G VR (VR ni kitulizi cha mtikisiko cha Nikon).

Je, nijibane hadi nifikishe pesa za lenzi ya 150-600?

Kwa kuanzia, hapana. Sigma 150-600 Contemporary ina uzito wa karibu kilo 2, na jua likishapanda, joto linaloinuka ardhini hufanya picha za mbali zionekane kama zimepigwa majini. Hakuna lenzi inayoponya hilo. Wahi alfajiri, tafuta kona ambako mamarshali wanaruhusu watazamaji, simama upande wa ndani na pahali palipoinuka. Nje ya kona ndiko gari likikosa breki linakoangukia.

Nikilifuata gari kwa kamera, picha zinatikisika na zina madoa meusi angani.

Ni mambo mawili tofauti. Kwanza mwendo: weka fokasi endelevu (AI Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon), elekeza miguu pale utakapobonyeza, kisha zungusha kiuno, si mikono. Mshike dereva kwenye fremu mapema, bonyeza, na usisimame baada ya kubonyeza. Wengi hukosea hapo. Anza na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, ukizoea shuka 1/125, halafu 1/60. Kwenye ile lenzi ya AF-S ya Nikon, swichi ya VR iwe Normal. Active ni ya mpiga picha aliye ndani ya gari linalotikisika.

Madoa ni vumbi lililo kwenye sensa. Jua kali, ISO 100 na 1/60 hulazimisha kamera kufunga tundu la lenzi hadi karibu f/20, na hapo kila chembe inaonekana. Funga filta ya ND8 (kioo cheusi kinachopunguza mwanga): unarudi karibu f/7 na madoa mengi yanafifia. Usibadilishe lenzi kwenye vumbi la fesh-fesh (lile laini kama unga), na kioo cha lenzi kipulize kwanza kwa pampu ya mkono. Ukikimbilia kitambaa, unakisugua kwa mchanga.

Lenzi ya mtumba kutoka Mombasa niikague vipi?

Fungua tundu lote, mulika tochi kutokea nyuma, tazama kwa mbele. Nyuzi nyeupe kama za buibui ni kuvu wa unyevunyevu, achana nayo. Kisha ivute hadi mwisho, piga namba ya gari la mbali tundu likiwa wazi, na ukuze picha usome herufi za pembeni.