Kamera ililala kwenye begi mpaka chalenji ya kila wiki ilipoiamsha (jibu refu kidogo)

Mkuu mleta mada, nimesoma maelezo yako yote. Kwa kifupi unasema zamani ulikuwa hulali kwa ajili ya picha za ndege na wanyama, ukanunua lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, sasa hivi lenzi inapigwa vumbi, kuna mtu kakushauri ujiunge na chalenji ya picha ya kila wiki na wewe unaona ni mchezo wa wanaojifunza, na unawaza uiuze hiyo lenzi. Hapo juu wengi wamekwambia ubadilishe kamera. Mimi napita njia nyingine maana hiyo hali naijua, nimekaa nayo muda mrefu tu, na kilichonitoa ni hiyohiyo chalenji unayoidharau.

Kwanza tuelewane hamu inakufaje. Kwangu haikufa siku moja, ilipungua taratibu. Mwanzo kila ndege mpya ni sherehe, unampata unamtia kwenye orodha, alafu wale wa karibu wanaisha, waliobaki wako mbali au wanatokea msimu fulani tu, basi unaanza kusubiri. Unasubiri safari, unasubiri mwanga mzuri wa asubuhi, unasubiri mnyama mkubwa. Na huku unasubiri unashinda kwenye simu unaangalia za wenzio, chui kalala kwenye tawi, tai kabeba samaki maji yanachuruzika, ukirudi kwenye diski yako unakuta njiwa, njiwa, kunguru, njiwa. Nani atabeba lenzi nzito begani akampige njiwa tena? Hapo ishu siyo kamera na wala siyo uvivu, ni kwamba umebaki na swali moja tu kichwani, "leo nitampata nani?", na ukiwa hujasafiri jibu lake ni lilelile kila siku.

Chalenji inakuja kuliondoa hilo swali. Ile niliyoingia mimi ilikuwa na sheria chache: mwanzo wa wiki inatoka mada, neno moja au mawili, wiki ikiisha unaleta picha moja. Moja tu. Na iwe imepigwa ndani ya wiki hiyohiyo, hamna kufukua makaburi. Hiyo sheria ya mwisho ndo yenye kazi yote, ukiona chalenji inaruhusu picha za zamani achana nayo, utaishia kupekua mafolda wala hutatoka nje.

Mada mojawapo za mwanzo kwangu ilikuwa "mwendo". Sasa mtu wa ndege ukimwambia mwendo anakimbilia 1/2000 au 1/3200 ya sekunde agandishe mabawa, na mimi nilikuwa hivyohivyo, shata (kasi ya kamera kufunguka na kujifunga) siishushi labda mwanga uwe umeniishia. Lakini ukigandisha kila kitu mwendo wenyewe hauonekani, ndege anakuwa kama kaning'inizwa kwa uzi. Ikabidi nishuke mpaka 1/30. Kwa ambaye hajawahi: tanua miguu, bana viwiko mbavuni, zungukia kiunoni siyo mikononi, anza kumfuata ndege kabla hajafika mbele yako, piga mfululizo na uendelee kumfuata hata ukishaachia kitufe. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) weka 100, apecha, yani tundu la lenzi, ifunge mpaka f/11 au f/16, na jua likiwa kali hata hiyo haitoshi kwahiyo fanya asubuhi mapema, jioni au siku ya mawingu. Kama lenzi yako ina kitulizo cha mtikisiko angalia kama ina modi ya kufuata kitu kinachopita, kwenye lenzi za Canon na Sony zenye hicho kitu ni modi ya 2, inatuliza mtikisiko wa juu na chini alafu ule wa pembeni inakuachia uzungushe mwenyewe. Picha nyingi zitakuwa za kutupa, hilo lijue mapema ili usikate tamaa, lakini itatokea moja kichwa kimetulia, jicho limekaza, mabawa yamefutika na bakgraundi imegeuka mistari. Yangu ilikuwa ya njiwa. Njiwa yuleyule niliyekuwa namkimbia.

Hapo ndo akili ilinifunguka, swali lilikuwa siyo nani tena, limekuwa vipi, na "vipi" haiishi hata kama una ndege wa aina tatu tu wanaokuja kwenye mti mmoja.

Chukua kunguru. Kunguru ukimpiga bila kufikiri anatoka wa kijivu, kwasababu kamera inapopima mwanga inadhani kila kitu kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, ikikutana na mweusi aliyejaza fremu inaongeza mwanga, ikikutana na yangeyange mweupe inapunguza, wote wawili wanaharibika. Kwa hiyo kunguru unamshushia kidogo fidia ya mwanga (ile sehemu ya kamera ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha), -1 hivi, yangeyange unamwongezea mradi manyoya meupe yasiungue. Hilo nilikuwa nalijua kwa kusoma. Kulijua kwa mkono lilikuja wiki ambayo mada ni "nyeusi" na sina mnyama mwingine mweusi, nikakaa na kunguru mpaka nikagundua manyoya yake siyo meusi kabisa, mwanga ukiingia kwa pembeni yana bluu na zambarau ndani yake. Miaka yote nampita.

Alafu kuna faida ambayo hakuna aliyeniambia kabla: ukibanwa na muda unaanza kujifunza tabia za mnyama, siyo settings. Mfano ndege wengi wanaruka na kutua wakiwa wameelekea upepo, kwahiyo ukisimama upepo ukiwa mgongoni kwako na jua pia mgongoni, wanakuja uso kwa uso na wamemulikwa vizuri. Shomoro wanaoga vumbi, na wakipata sehemu yenye vumbi zuri wanairudia, ukiijua unalala chini mapema unasubiri, nimesema unalala, lenzi iwe usawa wa macho yake, hapo tu picha inabadilika kabisa ukilinganisha na ile ya kumpiga kutoka juu ukiwa umesimama. Kereng'ende wengi wana kijiti chao, akiruka usimkimbize, tulia hapohapo fokasi ikiwa kwenye kile kijiti, mara nyingi atarudi. Mgongo wa kamera uwe sambamba na mabawa yake maana ukisogea karibu namna hiyo kina cha fokasi, ile sehemu inayotoka kali, ni milimita chache tu, ukikaa mshazari unapata bawa moja kali lingine ukungu. Na asubuhi kukiwa bado na baridi anakuwa hajapata joto la kuruka, hata umande unakuwa juu ya macho, unapiga kwa nafasi.

Ni huyo kereng'ende aliyenifanya nianze kusoma usiku. Kuna aina inaitwa kisayansi Pantala flavescens, mdudu wa sentimita 5 hivi, anavuka Bahari ya Hindi kutoka India mpaka Afrika Mashariki akibebwa na pepo za msimu. Yani nilikuwa nasubiri safari ili nimpate mnyama wa maana wakati mnyama mwenyewe ndo kasafiri kanifuata. Tukiendelea na wadogo, buibui wale wanaoruka wana macho nane, mawili ya mbele makubwa, ukimsogelea anageuka anakutazama usoni. Mada ya "macho" kwangu aliibeba huyo, lenzi ndefu wala sikuigusa.

Kuhusu kwamba ni mchezo wa wanaojifunza. Jim Brandenburg, Mmarekani, mpiga picha wa jarida la National Geographic aliyejulikana sana kwa picha za mbwa mwitu, mwaka 1994 alikuwa amechoka na kazi yake, kapiga filamu kwa wingi mpaka kamera imekuwa haimsemeshi. Akajiwekea sharti kwenye misitu ya kaskazini ya Minnesota: siku 90, kuanzia mwanzo wa majira ya majani kupukutika mpaka siku fupi kuliko zote ya mwaka, kila siku anafyatua picha moja tu. Siyo kuchagua moja kati ya mia, ni kubonyeza mara moja basi, ikiharibika ndo ya siku hiyo. Baadaye National Geographic walizitoa mwaka 1997. Kama mtu wa kiwango kile alihitaji kujifunga kamba ili apate hamu tena, mimi na wewe tunaona aibu ya nini? Ila mimi sikushauri ya kila siku, mwenye kazi na familia ataacha ndani ya muda mfupi na akishaacha atajiona kashindwa, wiki inakupa nafasi siku mbili tatu zikiharibika bado unazo nyingine.

Kitu kingine ni kuchagua. Mimi kupiga sikuwahi kuona ni kazi, kazi ni kukaa na picha zako ukazitazama kwa ukali. Zamani nilikuwa narudi, nazimwaga zote kwenye kompyuta, naweka nyota mbili tatu nalala. Ukiambiwa leta moja inabidi uue nyingine zote, na unapobaki na mbili za mwisho unalazimika kujiambia kwanini hii na siyo ile, hapo ndo nilijua kwamba mimi kumbe navutiwa zaidi na mnyama akiwa mdogo kwenye fremu, miti na anga vikiwa vingi, kuliko ile ya kichwa kimejaza picha nzima. Nilikuwa nimetumia pesa nyingi kwenye vioo vya kunisogeza karibu, wakati jicho langu linataka kukaa mbali. Siku hizi nikitoka natembea na zumu ya kawaida mara nyingi tu.

Zitakuja wiki mbovu, umebanwa, mvua haikatiki, mada yenyewe huielewi. Tuma tu. Hata ikiwa picha ya simu ya mjusi ukutani tuma. Na mvua yenyewe usiikimbie kama vifaa vyako unaweza kuvifunika, ukimpata ndege kaloa amekaa mbele ya kitu cheusi au kivuli cha miti, shusha shata mpaka 1/60 matone yanakuwa mistari, huwezi kuipata hiyo siku ya jua. Ila wiki ukiiruka kwa kusubiri picha nzuri, umesharudi kulekule kwenye kusubiri.

Sasa mabaya yake maana siyo yote asali. Moja ni laiki. Mada ikitoka watu watapigia kura manyoya mazuri na watoto wa wanyama, hiyo haikwepeki, picha yako ya kereng'ende uliyoitolea jasho itapitwa na paka wa mtu. Mimi chalenji yenye kura na washindi nilijitoa, nikabaki kwenye ile ambayo watu wanaandika tu wanachokiona, hata wawe watano.

La pili ni zito zaidi, ule muda wa mwisho unaleta tamaa. Imefika siku ya mwisho huna kitu, unajua kiota kiko wapi, unajua ukicheza sauti ya ndege kwenye simu dume atakuja mbio akidhani kavamiwa. Usifanye. Ndege aliyefukuzwa kwenye kiota anaacha mayai yapoe au makinda yapigwe jua, na wewe umepata picha ya wiki moja ambayo wiki ijayo hakuna anayeikumbuka. Usivunje matawi ili uone vizuri, usimwagie chakula mnyama wa porini ili asogee, na picha ya mnyama adimu kabla hujaipandisha futa taarifa za GPS (zinazoonyesha mahali ilipopigwa) ndani ya faili maana wawindaji haramu nao wana intaneti. Mnyama akiacha kula akakutazama wewe, umeshasogea sana, rudi nyuma.

Kwa vile unasema hata kuanza unaona tabu, anza na mada ya "kivuli", huhitaji kuwa na mnyama wa maana wala kujua mengi. Toka jua likiwa chini, mweke mnyama yeyote kati yako na jua, shusha fidia ya mwanga mpaka -2, umbo libaki jeusi na ukingo wa manyoya uwake. Mradi umbo lisomeke, mdomo uwe pembeni, miguu isigandane. Usiliangalie jua moja kwa moja kwenye kitundu cha kuchungulia cha kamera kama ni ile yenye kioo ndani (DSLR), utaumia jicho.

Na hiyo lenzi usiiuze kwa sasa, haikuombi chakula. Ingia kwenye chalenji miezi kadhaa alafu pitia ulizotuma, programu yoyote ya picha itakuonyesha kila moja ilipigwa na lenzi gani. Ukikuta ile ndefu haimo kabisa, iuze bila kujuta na hela nunua lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu (makro), ya 100mm hivi. Ukikuta imo kwenye nyingi basi ulikuwa nayo sahihi tangu mwanzo. Ukianza ni-tag nije nione, nami nitaweka yangu, wiki hii tumepewa "mbili" na mpaka sasa nina kunguru mmoja tu.