Kuacha kazi ya hotelini ili kutafuta sauti yako ya saksofoni

Ndugu, nimekuelewa: unapuliza saksofoni ya tenor (yenye sauti nzito kiasi) katika bendi ya hoteli na mshahara unaingia, lakini kila ukisikiliza ulichorekodi unamsikia Sonny Rollins, yule mpuliza saksofoni maarufu wa jazi wa Marekani, badala yako, na sasa unataka kuacha kazi ili ujifungie kwa mazoezi kama alivyofanya yeye.

Kumbuka kwamba Rollins alipojitenga mwaka 1959 na kupuliza peke yake juu ya daraja la Williamsburg, New York, hadi 1961, alikuwa tayari na jina kubwa, hivyo watu walimsubiri. Mimi na wewe, kusema kweli, hatusubiriwi. Naye Rollins alikua akivutiwa mno na Coleman Hawkins, mpuliza saksofoni aliyemtangulia, kwa hiyo kuiga si aibu.

Nilipokwama hivyo, nilichukua solo fupi (sehemu anayopuliza mtu mmoja) ya Lester Young, mpuliza saksofoni mwingine wa jazi, nikaiimba kwa mdomo wiki nzima bila kugusa saksofoni, ndipo nikaipuliza polepole, nikiacha mwanzo wa kila kifungu kama ulivyo na kuubuni mwisho wake mwenyewe. Miisho hiyo ndiyo iliyoanza kusikika kama mimi. Jaribu hivyo alfajiri, kabla ya zamu, huku ukibaki kazini.

Ukiamua kuondoka, mwoneshe mwanasheria mkataba wako kwanza, hasa kipengele cha notisi. Na hayo maumivu ya taya uliyoyataja pembeni, usifanye mazoezi ukiyavumilia. Punguza saa za kupuliza na umwone daktari wiki hii.