Nguo za kushindia zilivyonimaliza hela, na ninavyonunua sasa hivi

Nianze na pajama maana ndo ilinifungua macho. Mwaka juzi nikaona Instagram seti ya kulalia ya kijivu, shati na suruali, dada wa kwenye picha kajikunja kwenye sofa na kikombe chake cha chai, bei 25,000. Nikauliza saizi, nikajibiwa "frisaizi mpenzi, inamtosha kila mtu". Boda kutoka Kariakoo mpaka kwangu Kimara 6,000. Mzigo ukafika, suruali imeishia katikati ya muundi, vifungo vya kifuani vinaomba msaada, kitambaa kinateleza kama cha mwavuli. Muuzaji hakukataa kubadilisha, ila boda ya kurudisha juu yangu na ya kuleta nyingine juu yangu pia, yaani 12,000 zaidi kwa kitu cha kuvaa nikiwa naosha vyombo. Nikaacha. Anaivaa mdogo wangu wa darasa la sita mpaka leo na yeye ndo imemtosha kweli.

Shida ya nguo za kushindia ni kwamba bei yake ni ndogo kwa hiyo huoni unavyopigwa. Ukinunua gauni la harusi la 150,000 boda ya 6,000 haikuumi, lakini dera la 12,000 na boda 6,000, jamani hapo umeongeza nusu ya bei juu na bado hujalivaa. Sasa hivi mi siagizi kitu kimoja. Tupo watatu humu kwenye geti, tunasubiriana mpaka mishahara itoke, kila mtu anatuma screenshoti zake kwenye grupu la WhatsApp, tunachagua duka moja tunatoa oda moja, boda moja. Faida nyingine ni bei ya jumla. Mwezi uliopita madera yalikuwa 15,000 rejareja, kuanzia pisi 6 ni 11,000. Tukachukua mawili mawili, boda tukachangia buku mbili mbili. Piga hesabu mwenyewe, 8,000 kwenye bei na 4,000 kwenye boda, mtu mmoja kaokoa 12,000 na dera jingine linapatikana hapo na chenji inabaki. Na kama duka liko karibu na Gerezani na mna mtu anashuka huko na mwendokasi kila siku kwenda kazini mpeni hela achukue, msimlipe boda mtu bure.

Saizi sasa. Acha kuamini M, L na XL, mzigo wa China XL yake unaweza ukakuta ni L yetu au hata M. Nilichofanya nimechukua tisheti yangu ninayoipenda na suruali inayonikaa vizuri, nikavilaza kitandani, nikaazima futi kamba ya fundi wa jirani nikapima: tisheti kwapa kwa kwapa sm 54, bega mpaka chini sm 70, suruali mguu wa ndani sm 76, kiuno bila kuvuta na kiuno ukivuta mwisho (hiki cha pili watu wanasahau, lastiki nyingine hazivutiki kabisa). Nimeziweka kwenye simu. Nikipenda kitu namwandikia muuzaji naomba uilaze upime kwapa kwa kwapa unitumie picha na futi ikiwa juu. Kuna mmoja aliniuliza dada unanunua au unafanya utafiti, sikumjibu, nikaenda kwa mwingine. Anayeuza kweli na mzigo anao mkononi anapima, dakika mbili tu. Anayekwambia subiri nicheki stoku afu anakaa masaa matatu huyo mara nyingi mzigo uko kwa mwenzake na yeye kaweka cha juu, na ukiingiza ile picha kwenye Google Lens unaweza kukuta kurasa nne tano zina picha hiyohiyo na kila moja ina bei yake.

Kuhusu kitambaa, neno "pamba" mtandaoni siku hizi maana yake ni laini tu. Mi naomba picha ya lebo ya ndani ubavuni, na naomba video fupi muuzaji aingize mkono ndani ya tisheti, nikihesabu vidole nimeondoka. Kwa Dar hii mwezi wa pili, umeme umekata feni imelala, polista mwilini ni adhabu. Ikifika nyumbani na bado una wasiwasi chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome, wa pamba unaungua kama karatasi unabaki majivu, wa polista unayeyuka unajikunja kuwa kidonge kigumu cheusi. Ila polista siichukii yote, trakisuti ya polista wakati wa masika inakauka fasta, ya pamba inashinda kambani siku tatu inaanza kunuka.

Udhaifu wangu mimi ni live za mitumba usiku. Tisheti buku tatu, pensi buku tano, yule kaka anasema imebaki moja, we vidole vinaandika "yangu" vyenyewe. Kuna siku niliamka nina pisi 9 na nne sijazivaa mpaka leo, yaani niliona nimenunua rahisi kumbe nimetupa karibu msimbazi mbili, yaani 20,000. Sasa naingia na hela maalum kwenye simu, ikiisha nazima. Na nalipa kwa lipa namba, maana hii ya muuzaji kukwambia "weka na ya kutolea" kila oda nayo inakula taratibu.

Kuagiza mwenyewe China nimejaribu mara moja tena kwa kuchangia na wenzangu. Kwa ndege wanachaji kwa kilo, kwa hiyo tisheti nyepesi sawa ila hudi zito usithubutu, nauli inaweza kukaribia bei yake. Meli ni nafuu ila unasubiri mwezi na zaidi, na kisipokutosha ndo imetoka hiyo, hakuna wa kumrudishia.

Afu kuna doti za kanga zimejaa kabatini kwa mama, za misiba na sendoff, hazijawahi hata kufunguliwa. Nilimwomba moja, fundi akanishonea gauni la kushindia kwa 8,000, linanitosha mpaka kwapani, na mwezi huu kwenye grupu la geti wenzangu hawajatuma screenshoti, wananiuliza namba ya fundi.