Baba ana bunduki tayari: mtengenezeeni kitako kinachomkaa

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni watoto wanne, tunaishi Nyakato na Buhongwa hapa Mwanza. Baba yetu yuko Magu, na Desemba anatimiza miaka 70. Amewinda kwa kibali tangu tukiwa wadogo, na bunduki yake ni ya risasi za .30-06, ya bolti (komeo la kuvuta kwa mkono), anayoimiliki kihalali kwa zaidi ya miaka 30. Siku hizi bega la kulia linamsumbua, na msimu uliopita alikosa swala mara mbili, wote wakiwa karibu. Tumechanga fedha tumtengenezee bunduki mpya ya oda: ya risasi kubwa za .375, yenye bodi (chuma kinachobeba bolti) ya Mauser, kitako cha mninga wa kwetu na darubini nzuri. Tunataka iwe siri mpaka siku yenyewe. Je, tuchague mtutu gani, na mninga unafaa kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na nimefurahi kuona watoto wanaomwangalia mzee wao kwa makini hivyo. Mninga unafaa, tena sana. Hiyo bunduki mpya na hiyo siri ndiyo mambo ninayowaomba myaache.

Nianze na siri. Bunduki haipokelewi kama shuka au redio. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha hufuata jina la mwenye leseni. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapita polisi na kamati za ulinzi na usalama, na mwombaji ni baba mwenyewe, kwa miguu yake na sahihi yake. Ninyi hamwezi kuinunua, kuiweka kabatini Buhongwa, halafu mkamkabidhi mbele ya keki. Hata hiyo .30-06 yake msiichukue kimyakimya kuileta kwangu kupimwa. Akiileta yeye na leseni yake mkononi, naiandika kwenye daftari la karakana na kazi inaanza siku hiyohiyo.

Sasa .375. Ni risasi ninayoiheshimu. Kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912, na mpaka leo ndiyo wawindaji wa Afrika Mashariki wanaanzia wanapozungumzia nyati. Lakini barua yako inataja swala, haitaji nyati. Risasi ya .375 ina uzito wa gramu 19 na ushee, ya .30-06 anayotumia baba yenu, kama ni ile ya kawaida ya kuwindia, haifiki 12. Ukizipiga kwenye bunduki za uzito wa kawaida, teke la .375, yaani msukumo wa bunduki begani ikifyatuka, linakaribia mara mbili ya lile alilolizoea. Mtu wa miaka 70 mwenye bega bovu mtakuwa mmempa zawadi ya kumwogopesha. Ataanza kufumba macho kabla ya kuvuta traiga, na mwindaji anayefumba macho anajeruhi mnyama na kumwacha akifie porini. Hilo baba yenu hatalipenda, na mimi sipendi kulishiriki.

Hiyo .30-06, iliyoingia jeshi la Marekani mwaka 1906, inatosha kabisa kwa swala, kongoni na nguruwe pori. Mtutu wake kama haujaliwa na kutu, hauna kosa. Nadhani kilichobadilika ni mwili wa mzee. Alipoinunua alikuwa na miaka chini ya 40. Shingo inageuka, jicho linaona karibu na mbali, bega limejaa nyama. Bunduki imebaki vilevile, yeye hakubaki vilevile.

Kuna kipimo kimoja ambacho huwa nawaonyesha watoto wa wateja ili waone kwa macho yao. Kwanza bolti inafunguliwa, magazini inatolewa, naingiza kidole chemba, pale risasi inapokaa, kuhakikisha hakuna kitu. Kisha namwambia mzee atazame ukutani, afumbe macho, anyanyue bunduki mpaka begani kama alivyozoea, ashushe shavu kwenye mbao, atulie, ndipo afumbue. Kitako kikiwa chake, akifumbua anaona alama ya kulengea ya mbele imekaa katikati ya ile ya nyuma bila kujisogeza. Mzee mmoja wa Sengerema alipofumbua macho alikuwa anaona paa la karakana. Miaka yote alikuwa akikinyoosha kichwa mbele kama kobe ili alenge, na kwa kukinyoosha alikuwa anaiachia bunduki nafasi ya kurudi na kumgonga. Aliamini bega lake limezeeka. Kitako kilikuwa kirefu kwake kwa sentimita 2.

Kwa hiyo fedha mlizochanga ziende kwenye kitako kipya cha bunduki aliyonayo, kilichokatwa kwa mwili wake wa leo. Bunduki nyingi za dukani huja na urefu wa sentimita 34 hadi 35 kutoka kwenye traiga hadi mwisho wa kitako. Kwa mzee aliyekakamaa shingo na mabega mara nyingi napunguza sentimita 1 hadi 2, halafu nyuma naweka mpira laini wa sentimita 2.5, na mpira huo nauhesabu ndani ya urefu, siuongezi juu yake. Mahali pa kulaza shavu napainua kidogo kama atatumia darubini, kwa sababu darubini inakaa juu kuliko alama za chuma. Asipopata pa kulaza shavu, kichwa kinaelea na teke linamkuta kwenye taya. Upana wa mwisho wa kitako nao una maana. Kikiwa chembamba kinachoma kama kisigino cha kiatu, kikiwa kipana teke lilelile linatawanyika begani.

Kabla ya darubini, mpelekeni akapimwe macho. Hospitali ya Bugando pana madaktari wa macho, msione uvivu. Kulenga kwa alama za chuma kunalidai jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: alama ya nyuma, ya mbele, na mnyama. Jicho la mtu mzima haliwezi tena, na hilo peke yake linaweza kueleza wale swala wawili. Darubini inaviweka vyote mahali pamoja. Lakini kama kuna mtoto wa jicho, hakuna kioo cha bei yoyote kitakachomsaidia mpaka atibiwe. Akishatoka huko, chukueni darubini ya ukuzaji mdogo, inayoanzia mara 1 au 1.5 na kuishia mara 4 au 5. Kwenye vichaka vyetu mnyama anapigwa mita 60, mita 100. Darubini kubwa ya mara 12 itamwonyesha manyoya tu asijue ni bega au paja. Muhimu zaidi ifungwe ili jicho lisimame sentimita 9 au 10 nyuma ya kioo. Ikifungwa karibu, siku moja itampasua nyusi. Alama hiyo ya mwezi mchanga juu ya jicho nimeiona kwa wawindaji wengi.

Kuhusu kile kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili kupunguza teke: kinapunguza kweli, ila kinarudisha mlio kwa mpigaji na kwa kijana anayefuata nyayo pembeni yake. Kwa masikio ya mzee, sikifungi.

Sasa mninga, maana ndiyo sehemu ya barua yako niliyoipenda kuliko zote. Mbao hii inatoka misitu ya miombo, Tabora na Katavi, na sifa yake kubwa ni utulivu: ikishakauka vizuri haivimbi wala kusinyaa sana mvua zikija na kwenda. Ni nyepesi kiasi, inakubali patasi, na rangi yake ya kahawia yenye mistari mekundu ikipata mafuta ya kitani inang'aa kutoka ndani. Msishawishike na mpingo kwa kitako kizima. Mpingo unazama majini kwa uzito. Nautumia kipande kidogo tu kule mbele, kwa urembo. Na fundi avae barakoa, vumbi la mninga linakera pua na ngozi.

Lakini mninga uwe mkavu. Hili nilijifunza kwa kumharibia mtu kazi. Mwaka wangu wa tatu kwenye fani nilipokea ubao uliopasuliwa miezi michache tu, nikachonga kitako kizuri mno kwa macho. Mvua zilipoanza, unyevu wa ziwa ukaingia, mbao ikajikunja na kuusukuma mtutu upande mmoja. Risasi zikahamia kushoto kwa kiganja kizima, na mteja akaja akidhani darubini imekufa. Nilikirudia kitako chote kwa gharama yangu.

Tafuteni kipande cha sentimita 90 kwa 18 kwa 6. Kikiwa kikavu kitakuwa na kilo 6 hivi. Kanuni ya kukausha kivulini ni mwaka kwa kila inchi ya unene, yaani zaidi ya miaka 2 kwa ubao huo, kwa hiyo nunueni kwa mtu aliyeuhifadhi na siyo kwa mtu aliyeupasua juzi. Mkitaka uhakika, upimeni kwenye mizani kila wiki mbili. Uzito ukiwa bado unashuka, maji yamo. Kisha mtazame nyuzi za mbao pale itakapokuja shingo ya kitako, mahali mkono unaposhika. Zinatakiwa zipite moja kwa moja kwa urefu. Nyuzi zikikata mshazari hapo, teke litaivunja shingo siku moja, hata mbao iwe na urembo wa kutoa machozi. Urembo ubaki nyuma, shavuni.

Ndani mimi huweka nguzo mbili fupi za chuma kwenye matundu ya skrubu, na gundi ya epoksi chini ya bodi, ili chuma kikalie chuma na mbao isibanwe. Mtutu wenyewe hauigusi mbao: noti ya elfu moja inatakiwa ipite chini yake kutoka mbele hadi kwenye bodi bila kukwama. Traiga itaachwa kilo 1.5 hadi 2, si chini ya hapo kwa mtu anayetembea porini.

Nyumbani Magu, mwambieni asiifungie kwenye mfuko wa ngozi ikiwa na unyevu, na akiisimamisha kabatini mdomo uelekee chini. Mafuta ya bunduki yakishuka nyuma yanaingia kwenye mbao na kuilainisha pale pale inapotakiwa kuwa ngumu.

Kuhusu Desemba, fanyeni hivi. Upigeni randa upande mmoja wa ubao, mpake mafuta kidogo ili mistari itoke, muufunge kwenye kitenge na mumpe. Ataushika, ataunusa, ataugeuza kutafuta nyuzi zinakoelekea. Mwindaji wa miaka 30 ataelewa ni wa nini kabla hamjamwambia. Januari aje nao mwenyewe, pamoja na bunduki, leseni, majibu ya daktari wa macho, na lile koti analovaa akienda porini, maana urefu nitaupima akiwa amelivaa. Kazi itanichukua wiki 6 mpaka 8, na katikati nitamwita mara mbili aje afumbe macho.