Shotigani ya trapu kwa bajeti ndogo: tazama kitako kabla ya jina

Wanaoanza trapu, mchezo wa kulenga kwa shotigani visahani vinavyorushwa hewani, huku Arusha huniuliza swali lilelile: ninunue shotigani gani? Wanataka jina. Mimi huwauliza jicho lao linaloongoza ni lipi, na wengine hudhani nawakwepa.

Kabla ya yote, Polisi kwanza, duka baadaye. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na haina mlango wa uani. Usimpe muuzaji hata shilingi kabla kibali hakijaeleweka.

Haya, bunduki yenyewe. Shotigani nyingi za bei nafuu ninazoonyeshwa zilikuwa za shambani, za kufukuzia nyani au kuwindia kanga: nyepesi, mtutu mfupi, zinapiga palepale unapolenga. Trapu inataka tofauti kidogo. Kisahani kinarushwa mbele yako, kinakukimbia huku kikipanda, kwa hiyo bunduki inayopiga juu kidogo inakuwezesha kukiona muda wote badala ya kukifunika kwa mtutu. Za trapu hasa zina mtutu wa inchi 30 au 32 na uzito wa kilo tatu na nusu au zaidi. Lakini namba 12 (ndicho kipimo cha upana wa mtutu) ya inchi 28 inatosha kabisa kuanzia.

Kwa mfuko mdogo, mimi ningechukua Baikal kuukuu ya Urusi, yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Ni ngumu kufungua na haina urembo wowote, ila uzito wake unameza teke, ule msukumo wa bunduki begani unapopiga. Pampu, zile unazopakia kwa kuvuta mshikio wa mbele, kama Mossberg 500 au Remington 870, ni imara pia, hasa kwa trapu ya Kimarekani ambako kila kisahani unakipiga risasi moja. Kwenye trapu ya Olimpiki unaruhusiwa mbili, na kuvuta pampu huku kisahani kinatoroka kunahitaji mazoezi. Zile zinazojipakia zenyewe zina teke dogo, lakini humtupia jirani maganda, na vumbi letu la kiangazi litakufanya uzisafishe kila jioni.

Ukikagua iliyotumika, hakikisha kwanza haina risasi. Kisha chungulia ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga: kivuli cha duara kisichokaa sawa maana yake mtutu umevimba au umebonyea. Ifunge uitikise, ikicheza kwenye bawaba, mrudishie mwenyewe.

Sasa jicho. Nyoosha mikono, acha kitundu kidogo kati ya viganja, utazame kilele cha Meru kwa macho yote mawili. Fumba la kushoto. Kilele kikibaki, jicho la kulia ndilo linaloongoza. Kikitoweka, ni la kushoto. Anayelenga kwa bega la kulia huku jicho la kushoto likiongoza atakosa visahani na hatajua kwa nini. Ajifunze bega la pili, au abandike kipande kidogo cha tepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake ya kulengea.

Kitako, sehemu ya nyuma inayokaa begani, ndicho kinachostahili pesa yako. Ukiiweka bunduki begani, kati ya pua na kidole gumba pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kikiwa kirefu, seremala mzuri wa Moshi atakipunguza. Kikiwa kifupi, ataongeza kipande nyuma. Halafu shavu. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma, kwa hiyo ukiinua mahali shavu linapokaa, bunduki inapiga juu zaidi. Wapo wanaonunua vitako vya kurekebishwa kwa skrubu. Mimi nakata soli ya ndala kuukuu, nabandika milimita tatu, nafunga kwa tepu ya umeme, najaribu, naongeza. Haipendezi, inafanya kazi.

Kujaribu ni hivi: uwanjani, penye tuta la udongo la kuzuia risasi, simamisha boksi la friji mita 30 mbele. Weka alama katikati, ulenge, upige. Rudia kwenye maboksi mengine mawili, maana moja linaweza kukudanganya. Marisawa, zile punje za ndani ya risasi, yakiwa sita kwa kumi juu ya alama, uko pazuri. Usifanyie shambani nyuma ya nyumba. Hata marisawa madogo ya namba 7.5 huruka karibu mita 200.

Choki, yaani mbano wa mdomoni mwa mtutu, isikutie wazimu. Mbano mkali huweka takriban asilimia 70 ya marisawa ndani ya duara la sentimita 76 kwa mita 36. Wa kati, asilimia 60. Anza na wa kati.

Pesa inayobaki inunue vizibo vya masikio, kisha risasi. Raundi moja ni visahani 25, na risasi za gramu 24, ndizo za Olimpiki, zinatosha kukivunja kisahani bila kukuumiza bega. Nunua boksi kadhaa za aina moja, kwa sababu ukibadilisha risasi itabidi urudi kwenye boksi la friji.