Mtoto anayeanza hadithi na kuziacha njiani: uzoefu wangu

Dada, umeeleza kwamba binti yako wa miaka 11 anajaza madaftari kwa hadithi zinazoishia ukurasa wa pili au wa tatu, na ukimsahihishia ananuna na kulificha daftari. Umeuliza umsaidieje kupanga, kuandika na kuhariri bila kumkatisha tamaa, na pia makosa ya tahajia uyafanyeje. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 16 na nimekaa na watoto wengi wa namna hiyo, akiwemo mpwa wangu. Nitakueleza nilichokiona, pamoja na pale nilipoharibu.

Naanza na nilipoharibu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, kijana mmoja wa darasani kwangu aliniletea hadithi ya kurasa nane. Hakuna aliyemwagiza, kaiandika kwa kupenda kwake. Nilifurahi mno. Usiku ule nikakaa nikaisahihisha yote kwa wino mwekundu: herufi kubwa, nukta, upatanisho wa ngeli, hakuna nilichoacha. Niliamini kuisoma kwa makini kiasi kile ndiko kumheshimu. Aliipokea, akasema asante mwalimu, na hakuniletea tena hata mstari mmoja mpaka alipomaliza shule. Hadithi nzima ilimhusu mbwa aliyepotea, nami sikuwa nimeandika neno lolote kuhusu yule mbwa. Mpaka leo linaniuma. Tangu hapo nina sharti moja kwangu mwenyewe: kalamu inabaki mkononi mwa mtoto, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jambo la pili nililojifunza ni kumtenganishia kazi. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Linda Flower na John Hayes, ambao waliwataka waandishi waseme kwa sauti kila wanachowaza huku wakiandika, walieleza kwamba kupanga, kuandika na kupitia upya havijipangi foleni. Mwandishi hurukaruka kati ya vyote. Kwa mtu mzima mwenye uzoefu ni kweli kabisa. Lakini mtoto ambaye bado anahangaika na tahajia na mwandiko, ukimtaka awaze tukio, achague neno na asahihishe kosa kwa pumzi moja, atakwama tu. Ndiyo maana kwangu siku ya kupanga ni ya kupanga, na siku ya kuhariri inakuja baadaye sana.

Kupanga usikuanzie kwenye karatasi. Kuanzie mdomoni. Mwambie akusimulie, nawe msikilize kwa hamu, usiandike chochote. Mpwa wangu alipokuwa na umri wa binti yako alinisimulia habari za msichana anayeitwa Neema, aliyechukua saa ya babu yake bila ruhusa, ikamponyoka, ikaanguka. Nikamuuliza, "Ikawaje?" Akanyamaza. Wengi huishia hapo, kwa sababu wana tukio lakini hawana mtu anayetaka kitu. Nikamuuliza Neema anataka nini. Akasema anataka kuirudisha saa kabla babu hajaamka. Nini kinamzuia? "Imesimama, haitembei." Nani anaweza kuitengeneza? Alifikiri kwa muda, anavuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta lake, kisha akasema polepole, "Kaka yake. Lakini wamenuniana, hawasemezani."

Nilisisimka. Hadithi ilikuwa imepatikana, na hakuna aliyempa. Kama ningekuwa na haraka ya kumpendekezea kitu, ningempa fundi wa saa, na hadithi ingekufa palepale.

Baada ya hapo ndipo karatasi ziingie. Mimi hutumia vikaratasi vidogo, sita au saba, kila kimoja tukio moja kwa sentensi moja. Tunavitandaza sakafuni. Uzuri wake ni kwamba vinahamishika: kile cha babu kuamka alikuwa amekiweka mwisho, akakisogeza kuwa cha pili, na ghafla Neema akawa hana muda wa kupoteza. Nilisisitiza jambo moja tu, kwamba kikaratasi cha mwisho kijazwe kabla hajaanza kuandika, hata kama baadaye atakibadilisha. Asiyejua hadithi yake inaishia wapi ndiye anayeiacha ukurasa wa tatu, na nadhani binti yako yuko hapo.

Utakutana na mchoro wa piramidi wenye mwanzo, mgogoro, kilele na suluhu. Asili yake ni Mjerumani Gustav Freytag, mwaka 1863, alipokuwa akichambua tamthilia zilizokwisha kuandikwa. Unafaa kueleza hadithi iliyopo. Nilipowapa watoto waanzie hapo, walijaza visanduku vizuri sana na wakatoa hadithi zinazofanana zote, kwa hiyo niliuacha.

Kuandika sina mengi ya kusema. Dakika 20, hakuna kufuta. Neno likikataa kuja, aweke alama ya msalaba aendelee mbele. Aruke mstari mmoja kila anapoandika, ili baadaye apate nafasi ya kuongeza. Anaruhusiwa kuanza na kikaratasi chochote anachokipenda, hata cha nne. Na muda ukiisha, aache katikati ya tukio ambalo bado lina moto, ili kesho ajue pa kushika. Wewe usisimame nyuma ya bega lake. Mimi huandika ya kwangu pembeni, kisha namwonyesha ilivyojaa misalaba. Watoto hushangaa kuona kwamba hata rasimu ya mtu mzima huwa hivyo, na naona huwapunguzia hofu kuliko sifa zozote ningewapa.

Rasimu ikiisha, ifichwe siku tatu au nne. Hapa wazazi wengi huharakisha, na ni kosa. Mtoto aliyetoka kuandika leo anasoma kilichomo kichwani mwake, si kilichoko kwenye karatasi.

Sasa kuhariri. Mara ya kwanza asome kwa sauti, hakuna kalamu mezani, na wewe umsimulie ulichosikia. Basi. Usiseme "hapa umekosea." Sema "hapa nilipotea, sikujua ni nani anayeongea," au "hapa nilitamani nikae kidogo." Mpwa wangu alisoma hivi:

"Neema aliamka. Halafu Neema alienda chumbani kwa babu. Halafu alichukua saa. Halafu aliona haifanyi kazi. Neema aliogopa sana."

Nikamwambia, "Hapo alipoogopa sikumwona. Mikono yake ilikuwa wapi?" Hakujibu. Alichukua kitu kisichokuwepo kwa mikono yake miwili, akakisogeza polepole sikioni, macho yameelekea mlangoni. Kisha akaomba kalamu.

Siku iliyofuata tukaingia kwenye sentensi. Nilimwomba ahesabu mwenyewe "halafu" zote za ukurasa wa kwanza. Zilikuwa 14. Sikumfundisha kanuni yoyote. Nilimwambia afunge daftari anisimulie tena kipande kile, na mdomo ukamrekebisha: "Aliamka, akanyata, akaingia..." Hili nataka ulishike sana, dada. Mtoto anayezungumza Kiswahili kila siku tayari anayo -ka- ya masimulizi ulimini. Tukio la kwanza linapewa -li-, yanayofuata yanashikana kwa -ka-, wala haihitajiki "halafu" ya kuyaunganisha. Tatizo ni kwamba akishika kalamu anaogopa, anaanza kila sentensi upya kama anayejibu maswali ya mtihani. Mrudishe kwenye kusimulia, kisha aandike alichojisikia akisema. Kipande kile kikawa hivi:

"Neema aliamka kabla ya wote, akanyata hadi chumbani kwa babu. Akaishika saa kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni. Kimya. Babu akajigeuza kitandani."

Angalia lile neno "Kimya" peke yake. Nilitamani kulisifu kwa dakika kumi. Nilisema tu, "Hapo nilishika pumzi," akatabasamu mpaka nikaona pengo la jino lake.

Jingine nililolikuta kwake, na nina hakika utalikuta kwa binti yako kama amezoea insha za shule, ni ule mwanzo wa jua kuchomoza na ndege kuimba, na methali zilizopachikwa ili kupata alama. Usizikemee, amefundishwa hivyo na alijitahidi. Muulize tu, "Neema aliwasikia hao ndege?" Akisema hapana, atawaondoa mwenyewe. Alichokikata akibandike kwenye daftari jingine. Mpwa wangu alikata aya nzima ya maelezo ya mvua na machozi yakamlengalenga, lakini alipojua kwamba inatunzwa mahali alitulia. Miezi miwili baadaye mvua ile ikaibukia kwenye hadithi nyingine.

Kuhusu tahajia: iache iwe ya mwisho kabisa, hadithi ikiwa imeshakaa sawa, na chagua aina moja ya kosa kwa kila hadithi. Kwa mpwa wangu tulianza na maneno anayoyabana, "kwasababu" na "kwahiyo", ambayo huandikwa kwa kutenganishwa. Nilimwandikia maneno hayo mawili juu ya karatasi kwa usahihi, yeye akayatafuta kila yalipojitokeza kwenye hadithi. Hadithi iliyofuata ikawa zamu ya l na r, kwa sababu alikuwa akiandika "habali" na "kurara". Iliyofuata, alama za kufungua na kufunga maneno ya mhusika, na kuanza aya mpya kila msemaji anapobadilika. Mengine yote niliyaona na nikayaacha. Ilinichoma, lakini niliyaacha.

Wiki hii, nakushauri usimwombe aandike kipya. Mwambie achague moja kati ya zile zilizoachwa njiani, ile ambayo bado anaikumbuka bila kufungua daftari, akusimulie mwishowe unakuwaje. Kama hajui, muulize yule mhusika anataka nini, kisha unyamaze, hata ukimya ukirefuka mpaka ukaona vibaya. Akishaanza kujibu, msogezee vikaratasi na kalamu, wewe ukaendelee na shughuli zako.