Betri gani kwa mashua ya tanga?

SWALI: Nimeng'oa dizeli kwenye mashua yangu ya tanga, nikafunga mota ya umeme ya kilowati 3, volti 48. Fundi mmoja asema betri za asidi zatosha, mwingine ashikilia lithiamu. Nimsikilize nani?

JIBU: Huyo wa pili, ndugu yangu, lakini mwulize lithiamu ipi. Ndani ya chombo mimi nataka ya fosfeti ya chuma tu. Zile za nikeli ni nyepesi zaidi, ila zikipata joto kupita kiasi huwaka kwa urahisi zaidi.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Ya lithiamu waweza kutumia 80 bila wasiwasi, na uzito wake haufiki nusu ya mwenzake.

Sasa hesabu. Seli 16 za volti 3.2 zikiungwa mfululizo hutoa volti 51.2. Zikiwa za ampea-saa 200, jumla ni kama kilowati-saa 10; ukitumia asilimia 80 tu, unabaki na kama kilowati-saa 8 za kutumia. Ukikanyaga mota mpaka mwisho, hazifiki saa tatu. Ukienda polepole kwa kilowati 1, ni saa nane. Maji hayapendi haraka: mwendo ukipungua nusu, ulaji hushuka karibu hadi sehemu ya nane.

Zifunge chini, karibu na mkuku, zisiteleze mashua ikilala upande. Fyuzi ikae jirani kabisa na ncha chanya. Na usinunue seli zisizo na kidhibiti chake, kile kifaa cha kuzilinda zisijae wala kuisha kupita kiasi, hata muuzaji akuapie.